Hatua Mbili Kutoka Baharini

Mimi nilikuwa na ndoto ndogo tu. Nihame mjini nikakae kisiwani, kwenye minazi na upepo, nisisikie tena honi ya gari mpaka siku nitakayofukiwa. Ndoto yenyewe niliipata nikiwa nimekwama kwenye foleni, na ndoto za kwenye foleni, sasa ndiyo najua, ni za kuachwa palepale taa ikiwaka kijani.

Mama watoto akaniuliza swali moja: "Huko utafanya nini?"

"Nitakaa."

Akanitazama kama mtu anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika. Kisha akachukua simu akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba tunahamia kisiwani. Sijafunga hata begi, shemeji ameshauliza vyumba vya wageni viko vingapi na kama watoto wataletewa maboya au waje nayo.

Habari za boti nitazipita haraka, kama nilivyotamani boti yenyewe ipite. Niseme tu kwamba kabla ya kung'oa nanga kijana mmoja aligawa vimfuko vyeusi, nikadhani ni vya kuwekea viatu. Nikaweka viatu. Nusu saa baadaye nikavitoa viatu.

Gatini nikapokewa na dalali. "Karibu bosi!" Mtu akikuita bosi hajakujua hata jina, shika mfuko wako. Akanieleza kwamba hela ya kuonyeshwa nyumba hutangulia, hairudi, na kila nyumba ina yake. Akauliza nataka nyumba ya namna gani. Nikasema, kwa kujiamini kabisa, nataka iliyo karibu na bahari. Akanihurumia kwa macho. "Bosi, hiki ni kisiwa."

Nyumba ya kwanza, jamani, ilikuwa picha. Kibaraza kinatazama maji, mlango wa buluu, na mbele yake mchanga mweupe umetandazwa mpaka kule mbali ambako bahari ilikuwa imelala inang'aa kama bati jipya. "Hatua mbili kutoka baharini," dalali akasema. Mimi ni mtu wa mahesabu, nikatembea nikahesabu. Mia mbili na kumi na nne. Nikamwambia.

"Bosi, hatua mbili ni msemo."

Sawa, msemo. Nikamwambia nipe wiki nifikirie. Nikarudi baada ya siku nane, jioni, peke yangu, ili niionee wivu vizuri ile nyumba yangu. Mchanga hakuna. Umekwenda wapi, sijui. Maji yalikuwa yamekaa kwenye ngazi ya kibaraza kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji, na kile kiti cha plastiki nilichokalia wiki ile nikijipiga picha kilikuwa kinaelea taratibu kuelekea nchi nyingine. Nikahesabu tena hatua kutoka mlangoni. Mbili kamili, na ya pili imelowa. Msemo ulikuwa umetimia.

Pembeni palikuwa na mzee anakalafati mtumbwi. Anashindilia uzi wa pamba kwenye ufa kwa patasi, gonga, gonga, anapakaza mafuta kwa kidole gumba, wala haangalii juu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Siku ile walikuleta mwezi ukoje?" Nikasema nani anaangalia mwezi, mzee wangu? Baadaye nikakumbuka, ulikuwa nusu. Akacheka mpaka patasi ikamtoka.

"Maji mafu hayo, mwanangu. Nyumba ya pwani haitazamwi maji mafu. Inatazamwa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Hapo ndipo maji yanapojaa kweli na kupwa kweli."

Tena kumbe hayana saa maalumu. Yanajaa, yanapwa, yanajaa, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana, kwa hiyo hata ukikariri ratiba leo, keshokutwa imeshakukimbia. Yule dalali sasa! Kijana wa watu anajua mwezi kuliko wavuvi wote. Ana nyumba za mwezi nusu na nyumba za mwezi mpevu, na wateja anawapanga hivyohivyo. Akili hiyo angeipeleka kwenye unajimu tungemsikia duniani.

Nikamuuliza mzee, mbona watu wanajenga karibu hivi? Akasema nyumba haikujengwa karibu. Ilijengwa mbali, bahari ndiyo imesogea. Mpaka wa kiwanja ulikuwa mnazi, akaninyooshea kidole kule mahali ambapo ngarawa mbili zilikuwa zimefungwa zinacheza na mawimbi. Mnazi siuoni. "Ndio hapo," akasema.

Nikarudi kwa dalali kuuliza habari za hati.

"Ipo, bosi."

"Naomba niione."

"Iko kwa mjomba."

"Mjomba yuko wapi?"

"Alihamia mjini. Alichoshwa na kisiwa."

Tukaenda ya pili. Hiyo ilikuwa ndani ya minazi, kivuli cha kumwaga, nikavuta pumzi ndefu nikasimama katikati ya uwanja kama mshairi. Dalali akanivuta mkono. "Usisimame hapo, bosi." Nikauliza kwa nini. Kitu kikaanguka nyuma yangu, puu, mchanga ukarukia kisogoni. Nazi. Mnazi mkubwa unafika mita 25 na zaidi, na nazi ikiachia huko juu haipigi honi. Mwenye nyumba akatoka kuniambia nisiogope, huwa zinaanguka usiku zaidi. Chumba cha kulala kilikuwa na paa la makuti.

Ya tatu ilikuwa ghorofa moja, imejengwa na mtu mwenye pesa na haraka. Nguzo zimepasuka, nondo zimetokeza nje, nyekundu kwa kutu, ukizigusa zinamomonyoka kama biskuti. Walichanganya zege kwa mchanga wa baharini. Chumvi imo ndani, inakula chuma polepole kutoka tumboni, na rangi nzuri ya nje haijui kinachoendelea. Dalali akasema inahitaji "marekebisho madogo". Hapo nikapita kimyakimya, maana ile ngazi ilikuwa inalia.

Na msidhani chumvi inakula nondo tu. Siku ya tisa nimevaa suruali yangu ya heshima niende kuonana na mwenye nyumba mwingine, zipu ikagoma. Imeganda katikati, haipandi haishuki. Nimeipaka sabuni, nimeipaka mafuta, nimeisemesha. Nimekwenda kujadili bei ya nyumba nimeshikilia bahasha mbele kama mtu aliyeleta mashtaka. Unajadilianaje bei katika hali hiyo? Kila nikitaka kunyoosha mikono kuonyesha nimeshtushwa na bei, nakumbuka.

Usiku ndiyo usiseme. Nilikimbia kelele, si ndiyo? Kwanza bahari haina swichi. Inapiga, inanyamaza kidogo kama imekusikia, halafu inapiga. Mijusi inaongea ukutani. Kaa wanakwaruza kwenye ndoo. Na makuti ya mnazi yakipigwa na upepo yanatoa sauti ileile ya mvua, ileile kabisa! Usiku wa kwanza nimetoka mbio mara mbili kuanua nguo, nyota zimejaa angani. Usiku wa tatu nikasema sasa nimeerevuka, siamki. Ikawa mvua kweli.

Na humo kitandani macho yako wazi, unakumbuka kitu ambacho mzee wa mtumbwi alikuambia, kwamba ule mchanga mweupe unaousifia, sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa pono. Samaki huyo anakwangua matumbawe kwa meno yake, anasaga, anameza, halafu anatoa mchanga. Sisi tunaupiga picha na kuulalia. Sasa pono huyohuyo ndiye tunayemsema kwa usingizi mzito, na ni kweli, aina nyingine ikifika usiku hujitengenezea utandu wa ute mwili mzima kama chandarua akalala zake. Yaani yeye anauza ufukwe kwa kinyesi, analala fofofo, mimi ninayetaka kuununua ndiye nahesabu makenchi ya paa.

Nikakumbuka na yule mchoraji Mfaransa, Gauguin. Mwaka 1891 alipanda meli akakimbilia Tahiti kutafuta maisha ya asili, mbali na ustaarabu wa kwao. Anashuka Papeete, anakuta mji umeshajaa Wafaransa wenzake. Angalau yeye alijua kuchora. Mimi nimekuja na kalamu ya kusainia.

Kiwanja cha nne nilionyeshwa jioni, na hilo lilikuwa kosa langu, maana nilichelewa kutafuta bahasha. Karibu na ikweta jua halizami polepole kwa mapozi, linadondoka. Umegeuka kuuliza mipaka iko wapi, umegeukia tena, giza. Tuko kwenye ukingo wa mikoko, tope linavuta kiatu, na usubi umeingia kazini. Mdudu mwenyewe humwoni, mdogo kuliko nukta, ila asubuhi nilijihesabu mguu mmoja tu nikaachia njiani. Dalali akiwa kwenye giza hilo, simwoni hata meno, bado ananiambia, "Bahari hatua mbili, bosi." Safari hii nilimwamini. Nilikuwa naisikia ndani ya soksi.

Ya tano ilinitega kwa kisima. Nyumba safi, hati ipo, mjomba yupo. Dalali anapiga kofi ukingo wa kisima, "Maji ya kwako mwenyewe, hulipii mtu!" Mama mmoja alikuwa anafua pale. Nikatazama beseni lake. Anasugua, anasugua, sabuni haitoi povu. Nikachovya kidole nikaonja.

"Mama, maji haya ya chumvi."

"Yalikuwa matamu, baba," akasema, huku anakamua shuka. Akanieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumlipia ada. Maji ya mvua yanazama ardhini, yanakuta ya bahari chini, na kwa kuwa ni mepesi yanakaa juu yake, yanaelea kama mafuta kwenye mchuzi. Ukiteka kwa ndoo, kiasi, unateka matamu. Jirani alipofunga pampu kubwa, matamu yakaisha upesi kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi ikapanda. "Sasa nafua kwa subira," akasema. Dalali alikuwa ameshapokea simu, tena simu ndefu.

Hiyo nilisikitika nayo kwa kweli. Ilikuwa na dirisha zuri.

Nikabaki na siku mbili za kurudi. Nikamwambia dalali, nionyeshe nyumba ambayo hujawahi kumwonyesha mtu. Akakuna kichwa. "Ipo, bosi, lakini utaniona nimekudharau." Tukapanda kilima kwa mguu, saa nzima na dakika zake, mimi nahema kama baiskeli ya kukodi. Kinyumba kidogo, ukuta mnene wa mawe, paa limepigwa bati nzito, tangi la kukinga mvua pembeni. Minazi iko mbali na paa. Nikazunguka pande zote nne. Nikapanda juu ya tofali. Bahari haionekani hata kidogo, imezibwa na miti.

"Hatua ngapi?" nikamuuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu tuonane, kijana akakosa la kusema.

Nikakaa kizingitini. Upepo upo. Kelele hakuna. Maji ya tangini nikayajaribu kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nacho mfukoni kwa ajili ya zipu, povu likatoka mpaka kwenye kiwiko. Nikampigia mama watoto, nikamweleza kila kitu, kilima, miti, saa nzima ya kupanda. Akanyamaza. Akasema subiri, kaka yangu yuko hapa, anataka kuongea na wewe.

"Shemeji! Hongera! Hapo kwenye nyumba baharini ni mbali?"

"Huioni, shemeji."

"Huioni... kabisa?"

"Kabisa. Na ni kupanda. Gari haifiki."

Kikapita kimya kizuri, ambacho sijawahi kukisikia kwenye simu ya shemeji.

"Basi," akasema, "sisi labda tutakuja mwakani."

Nikamgeukia dalali nikamwomba kalamu, yangu ilikuwa imeshaota kutu.