Ukisikia king'ora cha maji, unapanda wapi?

Jumatano ya kwanza ya Februari, Uswisi nzima hujaribu ving'ora. Sisi wa bonde hili la Valais, chini ya ukuta wa bwawa la Grande Dixence wenye mita 285 kwenda juu, tunasikia pia kile cha maji, kinachoonya kwamba bwawa linaweza kupasuka: milio mizito 12, kila mmoja sekunde 20. Jirani yangu, bibi mzee, alikuwa anamenya viazi. Nikamuuliza angekimbilia wapi. Akaelekeza kisu mlimani bila kuinua kichwa.

Nikaukumbuka mto Lufira, kwetu Katanga, Kongo. Utotoni, kila likizo tulikaa kwa mjomba, chini ya bwawa la Koni. Hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha pa kupanda.

Najua mtasema: "Huyu Bulaya imemlevya! Sisi delestaji, huku kukatiwa umeme kila mara, inatumaliza, yeye analeta ving'ora." Hapana, ndugu zangu. Mwadingusha, bwawa letu la umeme, ni fahari yangu, imesimama tangu 1930, na shaba yetu imeyeyushwa kwa umeme wake. Ndiyo maana inaniuma. Iko juu ya Koni, mto ni uleule. Ya juu ikishindwa, maji yote yanamwangukia wa chini. Derna, Libya, 2023, mabwawa mawili yalikwenda hivyo usiku mmoja, na maelfu ya watu.

"Lakini uchambuzi wa hatari ni kazi ya matajiri." Nani kawaambia? Tajiri anaweza kukarabati kila kitu. Mwenye pesa kidogo ndiye anayelazimika kujua aanzie wapi: ukuta unaweza kushindwa kwa njia gani, kuna uwezekano gani, na nani wanalala chini yake. Bwawa la Malpasset, Ufaransa, 1959, zege halikuwa na kosa. Mwamba wa upande wa kushoto ndio ulioachia, wakafa watu 423. Mlango wa kumwagia maji uliokwama siku ya mafuriko unaweza kuua kuliko ufa unaoogopwa na kila mtu. Na kwenye ukuta wa udongo, mlinzi mwenye chupa ya kioo anaona mengi: maji yanayovuja yakiwa safi, anaandika kipimo, yakiwa na tope, udongo wa ndani unaondoka, anapiga simu saa hiyohiyo. Chupa ni bei gani?

Jioni nilimpigia mjomba. Maji yakija usiku, mnapanda wapi? Akanyamaza kidogo.

"Kile kichuguu kikubwa nyuma ya kanisa."

"Majirani wanajua?"

"Nitawaambia Jumapili."

Nikamwomba asingoje Jumapili.