Sikuzama, Niliteleza Nikiwa na Kereng'ende Mkononi

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza video inayoonyesha mkono mmoja ukichomoza majini kama mlingoti, na kwa kuwa wengi wenu mmeshanipa pole kwa "kunusurika kuzama", nalazimika kukieleza kisa chote, ingawa nguo bado zipo kambani na kiwiko hakijaacha kuuma. Maji yale, jamani, yalinifika magotini.

Nilikuwa nikimsaka kereng'ende wa jamii ya Gomphidae, wale wenye macho yaliyotengana, ambao lava wao, yaani watoto wasio na mabawa bado, hujifukia kwenye mchanga wa mkondo na wakishapata mabawa mara nyingi hutokomea mitini, hata mtu akafuata kijito siku nzima asimwone hata mmoja. Asubuhi ile, mahali ambapo maji hukimbia na kutoa povu kati ya mawe, nilimwona ametulia ubavuni mwa jiwe, wa njano iliyofifia, mwenye mistari myeusi. Hakuruka niliposogea. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilidhani amenipenda.

(Mnaojua kinachofuata, naomba mnisitiri kidogo.)

Nilimshika kwa kuyafumba mabawa yake juu ya mgongo, kisha nikaivuta lenzi iliyoning'inia shingoni. Ilikuwa na tone la maji, na kupitia tone lile niliuona mwanya mpana kati ya macho. Nikamgeukia rafiki yangu aliyekuwa akirekodi, nikatangaza kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Macho yametengana. Ni Gomphidae!" Neno la mwisho halijatoka lote, mguu wa kulia ukakanyaga mwani. Kisigino kiliondoka kwanza, taratibu, kana kwamba kilikuwa na safari yake. Goti likajaribu kukifuata. Kisha nikaliona tawi, nikaliona anga, nikamwona rafiki yangu akirudi nyuma hatua moja ili nienee kwenye picha. Jiwe la kushika lilikuwa kushotoni, lakini mkono wa kushoto ndio uliokuwa na kereng'ende, kwa hiyo niliuinua juu, na vyote vilivyobaki vikaenda chini pamoja na kofia.

"Ndugu yangu, shusha mkono," aliniambia. Sikuushusha. Nilimwomba kitambaa kikavu, nikaifuta lenzi palepale nilipoketi, nikatazama upya. Macho yalikuwa yamegusana kwa mshono mrefu juu ya kichwa. Libellulidae, jamii nyingine kabisa, ile ya kawaida! Mabawa yalimeta kama plastiki mpya, na rangi ile hafifu ilikuwa ya kereng'ende mchanga aliyejivua gamba alfajiri hiyohiyo, ambaye akikomaa atafanana na wale waliojaa kwenye kila kijiti. Hakuruka kwa sababu hakuweza. Gamba lake lilikuwa limeng'ang'ania jiwe karibu na mkoba wangu, limepasuka mgongoni, nyuzi nyeupe zikichomoza kwenye ufa. Kumshika kereng'ende ambaye mabawa yake bado ni laini ndilo jambo la kwanza ninalowakataza wageni ninaowaongoza. (Yule aliyewahi kuniuliza, "Na mtu akisahau?", amepata jibu.)

Tulimweka juu ya jani, bawa moja likiwa na mkunjo mdogo niliomwachia mimi, na baadaye akaruka kilegevu hadi kichakani. Kofia haikupatikana. Rafiki yangu anasema sehemu yenye tangazo langu ameihifadhi, ataitoa wiki ijayo.