Siena si mji wa kupitia njiani

Ratiba nyingi za safari za Italia zinafanana kama sare za shule: Roma siku tatu, Firenze siku mbili, Venezia siku moja, na huko katikati basi la watalii husimama Siena kwa saa tatu ili wageni wapige picha, wale aiskrimu, kisha waondoke. Nina ugomvi na saa hizo tatu.

Msafiri wa saa tatu huona majengo, na sikatai kuwa ni mazuri. Ataona Piazza del Campo, uwanja uliobonyea kama kombe, wenye sakafu ya matofali iliyogawanywa sehemu tisa kwa kumbukumbu ya Baraza la Watu Tisa lililoutawala mji kuanzia 1287 hadi 1355. Ataona pia, kando ya kanisa kuu, ukuta mrefu uliosimama peke yake. Huo ni masalio ya mpango ulioanza 1339 wa kulipanua kanisa hilo, ambao ulivunjika baada ya tauni ya 1348 kuufyeka mji.

Urithi hasa wa Siena, hata hivyo, ni mitaa yake 17, ambayo wenyewe huiita contrada, na ambayo mipaka yake iliwekwa rasmi mwaka 1729 na gavana wa wakati huo, Violante Beatrice wa Bavaria. Kila mtaa una kanisa lake, makumbusho yake, chemchemi yake, rangi zake na alama yake, ambayo mara nyingi ni mnyama: bata bukini, konokono, kobe, mbwamwitu, hata twiga, ingawa sidhani kama vilima vya Toscana viliwahi kumlisha twiga. Mtoto anayezaliwa katika ukoo wa mtaa hubatizwa kanisani kama Mkatoliki yeyote, kisha hubatizwa tena kwenye chemchemi ya contrada na kuvishwa skafu ya rangi zake. Baadhi ya mitaa ina mahasimu wa jadi. Konokono na Kobe, kwa mfano, hawapatani kabisa, na mgeni asidhani kuwa huo ni mzaha.

Uhasama huo hutoka hadharani tarehe 2 Julai na 16 Agosti, siku za mbio za farasi ziitwazo Palio. Udongo humwagwa kuzunguka uwanja, na mitaa kumi tu ndiyo hushindana: saba ambayo haikukimbia katika mbio za tarehe hiyohiyo mwaka uliotangulia, na mitatu iliyopatikana kwa kura. Farasi pia hugawiwa kwa kura, kwa hiyo mtaa tajiri unaweza kuangukiwa na farasi dhaifu, lakini wapandaji hulipwa, na mapatano ya fedha ya chinichini baina ya mitaa ni sehemu ya mchezo inayokubalika. Kabla ya mbio, farasi huingizwa kanisani kubarikiwa, na akiangusha kinyesi humo ndani, watu hufurahi kwa kuwa huihesabu kuwa ni fali njema. Wapandaji hawatumii tandiko. Farasi aliyemwangusha mpandaji wake anaweza kushinda akiwa peke yake, na mizunguko yote mitatu humalizika kwa takriban dakika moja na nusu.

Ndiyo maana huwaonea huruma wanaosafiri mbali kwa ajili ya dakika hiyo tu, wakasimama juani kwa saa nyingi katikati ya uwanja, kisha wakarudi wakilalamika kuwa hawakuona kitu. Ningemshauri msafiri afike siku tatu kabla, farasi wanapogawiwa, ahudhurie mazoezi ya asubuhi na jioni, kisha atafute nafasi katika karamu ya mkesha, ambapo maelfu ya watu hula kwenye meza ndefu zilizopangwa barabarani. Asiyependa umati aje mwezi mwingine, aombe miadi ya kutembelea makumbusho ya mtaa mmoja, na awasikilize wenyeji wakimsimulia ushindi wa babu zao.

Wapo wanaosema Palio ni ukatili, na hoja yao si nyepesi, kwa maana farasi wamekufa katika uwanja ule. Siku hizi kona kali huwekwa magodoro na farasi hupimwa na madaktari wa mifugo kabla ya kukubaliwa. Naona hatua hizo ni za lazima na bado hazitoshi. Lakini anayedhani kuwa farasi ni chombo tu machoni pa watu wa Siena angehudhuria karamu ya ushindi inayofanyika baada ya majira ya joto, ambapo mtaa mzima hukaa kwenye meza, na mgeni rasmi ni farasi mwenyewe, aliyetengewa mahali pa heshima na hori lake mbele yake.