Nimelipa Ili Nifundishwe Kukaa

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nimekwisha kumpanda punda wa babu kutoka gatini hadi mlangoni kwetu, nikipita katika vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani bila mmoja wao kuomba radhi. Nalitanguliza jambo hili ili msomaji aujue uzito wa fedheha yangu: mtu wa asili hiyo, mwenye miaka 46 na ndevu zilizoanza mvi, kila Jumamosi asubuhi anapakiwa kwenye tuktuk hapa Malindi pamoja na mke, watoto wawili na mfuko wa karoti, akapelekwe kulipa fedha ili afundishwe kukaa.

Mwenye kosa ni binti yangu mkubwa, ambaye siku moja aliona farasi wakitembezwa ufukweni na tangu hapo akakataa kuzungumza habari nyingine. Mama yake akaulizia, akarudi na taarifa kwamba nje kidogo ya mji liko banda la farasi linalopokea familia nzima kwa bei moja. Nikashauri, kwa upole kabisa, kwamba twende Lamu tukapande punda wa mjomba bure. Mke wangu akanijibu kwamba punda wa mjomba hana kofia ngumu, nami nikakosa la kusema, kwa sababu kwa kweli hana.

Katika akili yangu, maneno "familia nzima" yalikuwa na maana ya watoto kupanda, mama kupiga picha, na baba kuketi chini ya mwembe akisubiri waishe. Kumbe watu wa banda lile wanayachukua maneno kama yalivyoandikwa. Nilipotaka kuelekea mwembeni, mwalimu, binti wa Kigiriama ambaye kwa umri ni sawa na mpwa wangu wa mwisho, alinikabidhi brashi na kuniambia, "Karibu, Baba. Wako ni yule wa kahawia."

Somo la kwanza halikuwa la kupanda. Lilikuwa la kumsugua farasi mavumbi, na hata kumfikia farasi mwenyewe kulikuwa somo. Nilimwendea kwa nyuma, kama ninavyowaendea punda, na mwalimu akapiga ukelele uliowarusha kunguru wote juu ya paa la makuti. Macho ya farasi, akanieleza, yamekaa kando za kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa pale mbele ya pua yake na pale nyuma kabisa, na anayejitokeza nyuma ghafla hupokewa kwa mateke. Sharti umwendee begani, na sharti uzungumze naye njiani.

"Nizungumze naye nini?"

"Lolote, Baba. Asikie sauti yako tu."

Basi nikamweleza habari za karo. Akanisikiliza mpaka mwisho, masikio yote mawili yamenielekea, kisha akashusha pumzi ndefu kupitia puani, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kunielewa hivyo tangu muhula uanze.

Urafiki wetu uliharibika kwenye kwato. Unapitisha mkono kutoka begani, unashuka nao mguuni hadi karibu na kwato, unamwegemea kidogo, naye anainua mguu, ili umchokoe mchanga na kokoto kwa kichuma maalumu. Mimi nilimwegemea, naye, kwa kuwa ni mnyama mwenye adabu, akaniegemea na yeye. Farasi wa kimo chake ana uzito wa kilo 500 hivi. Nilibaki nimebanwa kati yake na ukuta wa banda, kwato mkononi, nikimwita mke wangu kwa sauti ndogo isiyoweza kufika popote, hali yeye yuko uwanjani anampiga picha mtoto.

Sikatai mnyama kutunzwa. Lamu kwenyewe tuna hospitali ya punda tangu mwaka 1987, ya shirika la Uingereza, na matibabu ni bure. Lakini nilipoanza kupewa hesabu za banda lile niliona kwamba kuna walioula. Farasi mmoja hunywa kati ya lita 25 na 45 za maji kwa siku, na joto likizidi huongeza, wakati mimi nyumbani kwangu mfereji hukohoa tu na mitungi yangu ya lita 20 nainunua kwa mwenye mkokoteni. Kila baada ya wiki sita hadi nane huja fundi kumkata kwato. Viatu vyangu vina miaka mitatu. Meno yake huendelea kuchomoza kwa muda mrefu wa maisha yake na kuota makali, kwa hivyo yuko mtaalamu wa kuja kuyapiga tupa, na mimi gego langu la kushoto limekuwa likinisumbua tangu Ramadhani nikilituliza kwa karafuu. Hata usingizi ametushinda, kwa kuwa viungo vya miguu yake hujifunga akasinzia wima bila kuanguka. Nikisinzia mimi wima dukani, bosi hunikata mshahara.

Nikiwa bado katika hesabu hizo nikasikia ukelele wa pili. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka sita na moyo mwema, alikuwa ameona kwamba farasi pia ana haki ya kifungua kinywa, akawa anamnyoshea kiazi karai kilichokolea ukwaju. Mwalimu alimfikia kabla ya midomo. Alituketisha wote wanne kwenye gogo, kama watuhumiwa, akatueleza kwamba farasi hana uwezo wa kutapika, na kinachomvuruga tumbo hakina njia ya kurudi, kwa hiyo msokoto wa tumbo ambao kwa mtu ni kero, kwake unaweza kuwa kifo. Karoti zinaruhusiwa, tena juu ya kiganja kilichokunjuliwa, asije akachukua na kidole. Mwanangu akauliza kiazi sasa ale nani. Nilikila mimi, na sikuona haya.

Kisha tukapanda. Hupandwa upande wa kushoto, nao husema desturi hiyo inatokana na askari wa zamani waliofunga upanga kiunoni kushoto. Mimi sikuwa na upanga. Nilikuwa na suruali ya ofisini iliyobana, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu. Nikafika juu, nikatulia, nikasogea nyuma hadi mahali pangu pa siku zote.

Naomba hapa msomaji anielewe. Mtu wa Lamu hampandi punda mgongoni. Hukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, bila tandiko, miguu ikining'inia, na akitaka njia anapaza sauti, "Simile! Simile!" Ndivyo tulivyokaa sisi, na baba zetu, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hatujui. Sasa mwalimu akanitazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya, akasema, "Mzee, mbona umehama?"

Nikarudishwa kwenye tandiko. Nikatiwa nyayo katika vikuku vya tandiko, vile vyuma vya kukanyagia, nikaambiwa visigino chini, mabega wima, macho mbele, mikono laini kwenye hatamu kwa sababu lijamu imo kinywani mwa kiumbe mwenye hisia. Farasi akafungwa kamba ndefu, mwalimu akasimama katikati ya kiwanja akiishika, nasi tukawa tunamzunguka kama mbuzi aliyefungwa mtini. Binti yangu alikuwa akinipita kila mzunguko juu ya farasi mdogo aitwaye Kashata, mnyama asiyefika sentimita 147 begani, na kila akinipita aliniambia, "Baba, visigino." Nimemlea mwenyewe yule. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulifikisha twiga China, ikawa habari kubwa huko, na ninavyojua mimi hakuna aliyempandisha baba wa mtu juu yake na kumwambia visigino.

Mwendo wa kawaida niliuweza. Ulionitia adabu ni ule ambao wazee waliuita matiti, na naomba msicheke, ndilo jina lake. Farasi hutupa miguu miwili ya mshazari, kisha miwili mingine, mapigo mawili tu, nawe unatakiwa uinuke kwenye pigo moja na kukaa kwenye la pili. "Inuka, kaa! Inuka, kaa!" Watoto waliupata mdundo kama wanacheza chakacha. Mimi nilikuwa nikishuka wakati tandiko linapanda, na tukawa tunakutana katikati, kwa nguvu, mara mia moja na hamsini hivi. Jumapili yake niliinywa kahawa ya barazani nikiwa nimesimama, na nilipoulizwa nilisema daktari amenikataza kukaa.

Hayo yana miezi minne sasa. Mke wangu hulipia mwezi mzima mapema kila mara, kwa hiyo kuacha ni hasara.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona mjomba. Tukapanda basi hadi Mokowe, boti hadi Lamu, na pale Mkunguni mjomba akanikabidhi punda wake nimrudishe nyumbani, kama alivyonituma miaka yote. Nikajikuta nimemwendea begani. Nikamsalimu. Nikazunguka upande wa kushoto, nikageuka kutafuta ngazi. Nikakaa katikati ya mgongo, wima, macho mbele, visigino chini hadi vikakaribia kukwaruza mawe, na punda alipochanganya mwendo, mapaja yangu, bila idhini yangu, yakaanza kazi yaliyofundishwa: inuka, kaa, inuka, kaa, mbele ya wazee wote waliokuwa wameketi kivulini chini ya ngome.

Kijana mmoja aliyekuwa akiswaga punda watatu wa mchanga akawasimamisha ili nipite. Akanitazama kwa huruma, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, ami," akasema. "Una jipu?"