Sikuwa Naimba, Jamani

Najua mmeshaiona ile video yangu jukwaani. Rafiki yangu, yule ambaye kiingilio chake nililipa mimi, ameirusha kila grupu analolijua, na juu yake ameandika: "Mtoto wa Tanga awaliza Wamarekani kwa bluzi ya Kiswahili." Mpaka kwenye grupu la mirathi ya babu imefika. Sasa tulieni niwaeleze, maana kilichotokea Clarksdale, kule Mississippi, Marekani, hakikuwa bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi.

Kwa wageni: mimi ni mpiga ridhim wa mzee mmoja wa Memphis aliyezeeka barabarani na gitaa lake. Huko kuzunguka msikuone kwenye picha. Ni kulala ndani ya gari huku amplifaya imekulalia mbavuni, kula mkate wa kituo cha mafuta, na kugawana usiku wa manane kilichoingia kwenye ndoo ya kutunzia. Nikinung'unika, mzee hunikumbusha kwamba B.B. King, yule gwiji wa gitaa la bluzi, mwaka 1956 alipiga maonyesho 342. Nanyamaza, nashuka, nabeba spika.

Basi mzee ana kichupa. Wapigaji wa bluzi huchukua shingo ya chupa iliyokatwa, wakaivaa kidoleni, wakaitelezesha juu ya nyuzi, gitaa likalia kilio cha msiba kabisa. Mimi, mtu niliyekulia kwenye sebene, nikasema hiki nacho kitanishinda? Na habari za B.B. King nazijua, kwamba kichupa kilimshinda, akaishia kutikisa kidole kwenye uzi ili aupate mlio wa binamu yake, Bukka White, mpiga kichupa. King kimemshinda, mimi nani? Lakini sikio la kufa ndiyo hili. Nikajikatia changu, chembamba, kikanikaa barabara. Kilinikaa asubuhi, ndani ya kiyoyozi. Shikeni hapo.

Clarksdale mwezi wa nane usiku ni joto la Tanga, toa bahari. Ukumbi mdogo, feni moja, na nyuma ya jukwaa wanakaanga kambare. Mzee akanipa ishara: haya, solo yako. Nikavaa kichupa kidole cha mwisho, nikatelezesha. Wallahi kililia. Mama mmoja mbele akafumba macho. Mzunguko wa pili, vilevile. Wa tatu mzee akanitupia jicho, yaani imetosha, rudi kwenye ridhim. Nikavuta kichupa.

Hakikutoka.

Nikavuta tena, huku natabasamu. Kidole kimevimba, kimeshajaa kwenye kioo, kinageuka zambarau. Nikajaribu kupiga na vidole vilivyobaki. Kichupa kikazigonga nyuzi zote kwa pamoja, mpiga besi akageuka kunitazama. Nikaupa ukumbi mgongo, nikabana kichupa katikati ya magoti, nikavuta kwa kiuno. Ndiyo hiyo mnayoiita "staili mpya". Staili gani? Mtu anatafuta kidole chake!

Mama wa jikoni akaniona. Akapanda jukwaani na aproni yake na bakuli la mafuta, yaleyale ya kambare, bado yana uvuguvugu. Akanishika kiganja, akapakaza, akakanyaga kiti kupata nguvu, akavuta. Na maiki iko hapa mdomoni kwangu.

"Mamaaa! Nakufa mie!"

Mpiga drams, Mungu anamwona, akadhani wimbo. Akaingia. Besi nayo ikaingia. Ukumbi mzima ukaitikia: "Mamaaa!" Akavuta tena. "Niache! Niache mama!" Nao: "Niacheee!", kwa matamshi safi kuliko ya shemeji zangu wa Memphis. Machozi yananitoka ya kweli kabisa. Yule mama wa mbele naye analia, anatupia dola kwenye ndoo. Na kinachoniuma hasa, nikiitazama video naona nilikuwa naingia kwenye mapigo. Mtu anakufa lakini hakosei mpigo.

(Anayeuliza kwa nini sikusogeza maiki: kwa mkono upi?)

B.B. King huyohuyo, mwaka 1949 kule Twist, Arkansas, ukumbi ulishika moto, akarudi ndani kuokoa gitaa lake. Mimi usiku ule gitaa wangebeba, kidole wangebeba, wazime simu zao tu.

Kikatoka. Kikaruka, kikapasukia chini ya drams, watu wakashangilia, nikafungwa barafu, tukapakia vifaa, tukaondoka. Ndoo ilikuwa nzito kuliko siku zote. Mzee anasema wimbo ule tutaupiga tena Ijumaa, Greenville, na ameshaanza kuulizia kama mama wa jikoni atapata ruhusa.

Mama yangu mzazi naye amepiga simu kutoka Tanga. Cha kidole hakuuliza. Anataka kujua yule mwanamke ni nani, na kwa nini namwita mama.