Mwanafunzi Hafai Kuniomba Ruhusa ya Kufunga

Jumatatu ya tarehe 25 Septemba 2023 niliingia darasani saa tatu asubuhi na karatasi za jaribio mkononi. Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la New York, na wiki hiyo tulikuwa kwenye somo la saa, ambalo kila mwaka huwatoa jasho wanafunzi wangu. Kwao siku inaanza usiku wa manane. Kwetu jua likichwa ndipo tunaanza kuhesabu moja. Niligawa karatasi. Msichana anayekaa safu ya mbele, ambaye kwa kawaida huniamkia "Shikamoo, Mwalimu" kabla sijatua mkoba, alipokea yake kimya. Midomo ilikuwa imemkauka. Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa midomo ya namna ile: yule alikuwa amefunga.

Kipindi kilipokwisha nikamuuliza. Akaniambia leo ni Yom Kipur, siku ya saumu ya Mayahudi. Amefunga tangu jana kabla ya jua kuchwa, hajatia kitu kinywani, hata maji. Amekuja kwa sababu hakutaka nimdhanie mtu wa visingizio. Kisha akaniomba radhi, yeye kuniomba mimi, eti mwandiko wake leo haukuwa mzuri.

Jambo hilo limenikaa rohoni miaka miwili sasa, na ndilo linalonifanya niandike.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaifahamu siku hii kwa jina la Siku ya Upatanisho, imo katika Mambo ya Walawi sura ya 16 na ya 23. Ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, siku ya kumi tangu mwaka mpya wa Kiyahudi, Rosh Hashana. Saumu yake ni ya saa 25 hivi, usiku na mchana, hakuna daku. Hawaogi kwa starehe, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, na wengi huvaa nguo nyeupe. Karibu siku nzima huwa sinagogini. Alasiri husomwa kisa cha Yona, ambaye sisi Waislamu tunamwita Nabii Yunus, na giza likiingia hupulizwa pembe ya kondoo dume mlio mmoja mrefu, ndipo watu wakafungue. (Niliposikia habari za pembe hiyo nilikumbuka siwa ya Lamu. Sisemi kuwa zina asili moja. Nasema tu kwamba mtu wa pwani anaelewa kwa nini jambo zito hutangazwa kwa pembe.)

Tena, aliyeshika dini yake sawasawa haandiki siku hiyo, maana kuandika ni kazi, kama ilivyo siku ya Sabato. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kumpa mtu mtihani akiwa na njaa, basi. Nilimweka mahali pa kuchagua kati ya alama zangu na siku iliyo kubwa kuliko zote kwa watu wake, na nilifanya hivyo kwa kutofungua kalenda tu.

Wala sina udhuru wa kusema sikujua. Nilisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, na sinagogi la Nairobi liko pale pale University Way, hatua chache kutoka chuoni. Jumuiya ile ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nimepita mbele ya ua ule miaka minne, asubuhi na jioni, na sikuwahi kujiuliza waliomo ndani wanasali lini na kwa nini. Na zamani zaidi, chuoni kwetu Kibokoni, nikimaanisha chuo cha Kurani, maalimu alitufundisha kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku ya Ashura, akauliza sababu, akaambiwa ndiyo siku Mungu aliyomwokoa Musa. Naye akafunga, akaamrisha watu wafunge. Yaani nimefunga Ashura tangu utotoni kwa kisa kinachoanza na saumu ya Mayahudi, halafu nikaja kumtungia Myahudi jaribio siku ya saumu yake.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Sheria ya elimu ya jimbo la New York, kifungu cha 224-a, inamlinda mwanafunzi anayekosa masomo kwa sababu ya dini. Chuo kinatakiwa kimpe nafasi nyingine ya kufanya mtihani au kazi aliyoikosa, wala asiumizwe kwa hilo. Sheria nzuri. Wenzangu wengi wakiulizwa huitaja na kuona mambo yamekwisha: "Mwanafunzi aniandikie tu, nitampa ruhusa." Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Siku hizi nasema haitoshi. Haki ipo, lakini mlango wa kuifikia ni barua pepe kwa mtu yule yule anayempa alama. Kijana wa miaka 18, wiki ya tano tangu aondoke kwao, aanze kumweleza mtu mzima asiyemjua dini yake ni ipi, siku hiyo ina uzito gani, na kwa nini hawezi kuja. Wengine wataandika. Wengine, kama yule msichana, watakuja na midomo mikavu.

Wamarekani wakizungumzia siku hii hupenda kumtaja Sandy Koufax, mrushaji mpira wa Los Angeles Dodgers, ambaye tarehe 6 Oktoba 1965 alikataa kucheza mechi ya kwanza ya fainali za besiboli kwa kuwa ilikuwa Yom Kipur. Timu yake ilifungwa siku hiyo, ikaja kutwaa ubingwa baadaye. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini Koufax alikuwa mchezaji ambaye timu isingeweza kumwacha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye alama ya C katika ngeli hana mabavu hayo, na tusimtake awe shujaa ili aweze kusali.

Ugumu wenyewe hauonekani mpaka ukae na kalenda. Mwaka huu wa 2025 nina darasa la Jumatano jioni, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu. Rosh Hashana ilikuwa Jumanne na Jumatano, tarehe 23 na 24 Septemba. Yom Kipur imeandikwa Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, lakini inaingia Jumatano magharibi, na kabla ya hapo watu wanatakiwa wawe wamekula mlo wa mwisho na kufika sinagogini kwa Kol Nidre, dua ya kuanzia ibada ya usiku huo. Kisha Sukot, Sikukuu ya Vibanda, Jumanne na Jumatano, tarehe 7 na 8. Kisha siku mbili za kuhitimisha, tarehe 14 na 15, Jumanne na Jumatano tena. Kwa mwanafunzi anayezishika zote, hizo ni Jumatano nne mfululizo. Na karatasi yangu ya masharti ya kozi, niliyokuwa nikiinakili mwaka hadi mwaka, ilisema ukikosa zaidi ya mara tatu unakatwa alama. Sharti lile nililitunga kwa ajili ya wanaolala mpaka saa nne. Sikujua kwamba lingemkata mtu asiyekosa kwa uvivu hata siku moja.

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu mwema, aliniambia: ukifungua mlango huu utaufungia wapi? Leo Mayahudi, kesho Idi, keshokutwa Diwali, mwisho muhula hauna siku za kufundisha. Hofu hiyo naielewa, ila nikiitazama kwa karibu naona imesahau jambo moja: kalenda tuliyonayo imeshampa mtu nafasi. Krismasi hakuna anayeandika barua pepe. Jumapili hakuna anayeomba ruhusa. Chuo cha Brandeis kule Massachusetts kilichoanzishwa 1948 hufunga sikukuu hizi za Kiyahudi na bado kinatoa wahitimu. Shule za umma za Jiji la New York hufungwa siku ya Yom Kipur, na mwaka 2015 jiji likatangaza Idi zote mbili kuwa sikukuu za shule. Wala mimi sidai kila chuo kifunge. Nadai mwalimu akipanga muhula awe na kalenda hizo mezani, asiweke mtihani siku hiyo, asianzishe sura mpya, asiweke kazi ya kukabidhi usiku wa kutoka saumu wakati mtu bado kichwa kinamuuma kwa kukosa kahawa. Na mtihani wa marudio usiwe mgumu kuliko wa wenzake. Kazi hiyo yote ilinichukua alasiri moja ya mwezi wa Agosti.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, hasa tangu vita vya Gaza vianze: wewe Mwislamu wa Mombasa, mambo ya Mayahudi yanakuhusu nini? Vita vile vimeniumiza na bado vinaniumiza, na msimamo wangu juu yake marafiki zangu wanaujua. Lakini mtoto aliyefunga darasani kwangu si balozi wa serikali yoyote. Amefunga kwa ajili ya Mola wake. Kumfanya alipe deni la watu wengine ni dhulma, na sioni dini yangu ikiniruhusu.

Tena nayajua maumivu hayo kwa mwili wangu. Nilipokuwa nasoma shahada ya pili, katika chuo kingine cha hapa Marekani, mtihani wangu mmoja uliangukia Idi ya Kufungua Mwezi. Nilimwendea mwalimu. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba ratiba haiwezi kubadilika kwa ajili ya mtu mmoja. Nilisali Idi asubuhi na mapema ukumbini, nikaacha watu wakikumbatiana, nikakimbilia basi nimevaa kanzu. Mama alipiga simu kutoka nyumbani nikiwa ndani ya mtihani, sikupokea. Mtihani nilifaulu. Simu ile ndiyo ninayoikumbuka.

Msichana wa mstari wa mbele alihitimu Kiswahili cha mwanzo akaendelea na mambo yake. Mwaka 2024 Yom Kipur ilikuwa Jumamosi, sina darasa, nami nilikuwa nimejipongeza kwamba mwaka huo sina la kupanga. Siku mbili kabla yake nikapata ujumbe wake, kwa Kiswahili, na makosa mawili ya ngeli. Aliandika kwamba kwao siku hizi watu huombana msamaha, akasema: "Mwalimu, kama nilikukosea, naomba unisamehe."

Nilikaa nao muda mrefu. Mafundisho ya wahenga wao yanasema siku ile husafisha yaliyo kati ya mja na Mungu, lakini aliyemkosea mwenzake hasafishwi mpaka kwanza amridhishe huyo mwenzake. Kwetu tunaita haki za waja, na kabla ya Ramadhani, siku za kuvunja jungu, simu hazitulii: tusameheane, tusameheane. Nilimjibu kwamba hakuwahi kunikosea. Nikamwambia mimi ndiye niliyemkosea, tarehe 25 Septemba mwaka uliopita, nikamtajia jaribio lile. Akajibu kwamba alikwishasamehe siku ile ile, ila amefurahi kwamba nimekumbuka tarehe.

Jumatano iliyopita, tarehe 1 Oktoba, sikuwa na darasa jioni. Kipindi tulikwisha kukifidia Jumatatu moja mchana, kwa kukubaliana tangu wiki ya kwanza. Sikuuliza nani anakwenda sinagogini na nani anakwenda kulala. Jumatatu hiyo ya fidia tulisoma saa. Nilipochora jua linazama na kuandika chini yake "saa moja usiku", na kueleza kwamba wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kijana mmoja nyuma aliinua mkono akasema kwa Kiswahili cha kujikongoja: "Mwalimu, kwetu pia. Siku inaanza usiku." Nikamwomba aje ubaoni awaeleze wenzake. Alieleza kwa dakika kumi, nusu Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha somo hilo hakuna aliyeniuliza kwa nini Waswahili wanahesabu kinyume.

Mwaka 2026 Yom Kipur itakuwa Jumatatu, tarehe 21 Septemba, na itaingia Jumapili tarehe 20 magharibi. Ratiba yangu ya muhula huo bado ni karatasi tupu. Tarehe hizo mbili nimeshazipigia mstari.