Tusiyapunguze Mazungumzo Katika Tiba ya Mtandaoni kwa Vijana Wenye Sonona

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa matatizo yanayowaelemea zaidi. Kwa kuwa wataalamu hawatoshi, tiba ya mtandaoni imepokelewa kwa matumaini, nami naiunga mkono. Ninachokipinga ni kuichukulia kama mkusanyiko wa masomo, video na mazoezi tu, huku mazungumzo kati ya mtaalamu na kijana yakihesabiwa kuwa nyongeza ambayo inaweza kupunguzwa fedha zikipungua.

Sonona ya kijana mara nyingi haijitokezi kama huzuni. Hujitokeza kama hasira za ghafla, kuwakwepa marafiki, kulala mchana kutwa na kushuka masomoni, na walio karibu naye huiita kiburi au uvivu. Akishaitwa hivyo kwa muda mrefu, kijana naye huanza kuamini kwamba ndivyo alivyo. Somo lililoandikwa kwa ajili ya watu wote linaweza kumweleza sonona ni nini, lakini haliwezi kumuuliza jana jioni kulitokea nini kabla hajajifungia chumbani.

Nchini Sweden lilifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Vijana wenye sonona, wa umri wa miaka 15 hadi 19, walipatiwa tiba ya mtandaoni kwa wiki 10, wengine tiba ya fikra na tabia, ambayo humfundisha mtu kubadili mawazo na mienendo inayomuumiza, na wengine tiba ya saikodinamiki, ambayo huchimba zaidi hisia zinazofichwa. Pamoja na masomo, kila kijana alipangiwa kuchati na mtaalamu wake dakika 30 kila wiki. Tiba ya saikodinamiki haikuonekana kuwa dhaifu kuliko ile nyingine. Jaribio hilo halikupangwa kupima mazungumzo peke yake, lakini kwangu ni jambo la kuzingatia kwamba nadharia mbili zinazotofautiana kiasi hicho zilikutana katika kumpa kijana mtu wa kuzungumza naye.

Tuchukue mfano wa kijana anayeandika, “Kila kitu kiko sawa tu.” Mtaalamu mwenye haraka atamuuliza kama amemaliza zoezi la wiki. Mwenye kusikiliza atamkumbusha kwamba wiki iliyopita alisema halali usiku, kisha atamwomba amsaidie kuelewa hayo mawili yanakaaje pamoja. Swali la namna hiyo halimshutumu kijana. Linamwonyesha kwamba maneno yake yalisomwa, yakakumbukwa na kupewa uzito, jambo ambalo mtu aliyejiona hana thamani kwa miezi mingi hulihitaji mno. Hata anapoandika kwa hasira kwamba mazoezi hayamsaidii, hiyo ni nafasi ya thamani. Mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa tiba unasimama juu ya mambo matatu: makubaliano kuhusu malengo, makubaliano kuhusu kazi za kufanya, na uhusiano kati ya mtaalamu na anayetibiwa. Kijana anayelalamika anasema wazi ni lipi kati ya hayo limelegea, na akijibiwa bila kujitetea hujifunza kwamba kutofautiana na mtu mzima si lazima kuvunje uhusiano.

Maandishi yana faida zake. Kijana anaweza kufuta sentensi na kuiandika upya, anaweza kulia bila kuonwa, na baadaye anaweza kurudi kusoma alichoambiwa. Lakini mtaalamu haoni uso wala hasikii sauti, na ukimya wa dakika tatu unaweza kuwa tafakuri, aibu, au mzazi aliyeingia chumbani. Ndiyo maana ni lazima aulize waziwazi, pamoja na kuuliza kuhusu mawazo ya kujiua, kwani kuuliza kwa uangalifu hakumtii kijana wazo hilo kichwani. Kabla ya yote, mtaalamu ajue kijana yuko wapi, nani wa kupigiwa hatari ikitokea, na kama simu anayotumia ni yake peke yake. Kijana naye aelezwe mapema ni mambo gani hayatabaki siri.

Kwa hiyo wanaobuni huduma hizi nawaomba waanze na ratiba ya wataalamu kabla ya kupamba programu. Kijana abaki na mtaalamu yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, awe na muda wa kila wiki usiohamishwa ovyo, na mtaalamu asipewe wateja wengi kiasi cha kulazimika kunakili majibu. Huduma isiyoweza kutimiza hayo iwaeleze vijana na wazazi kwamba inatoa masomo ya kujisaidia, isijiite tiba.